Saba Iliyogeuza Uso

Kabati la vioo tulipewa siku ya harusi,
na ndani yake vikombe kumi na viwili vyenye ukingo wa dhahabu,
vya kutazamwa.
Miaka kumi na tisa hakuna mdomo uliovigusa.
Mume wangu alivihesabu kila Ijumaa, kama mtu ahesabuye deni,
na alipohamia kwa mwenzangu hakuchukua hata kimoja.

Sasa kila kikombe kina yai lake.
Ncha chini, upande mnene juu,
maana mle ndani kuna chumba kidogo cha hewa,
na chumba hakitaki kukaliwa kichwani.
Sisi wapangaji wa Kitunda tunalielewa hilo.

Siyaoshi. Mama Tusekile wa mlango wa pili hunicheka:
unauza mayai pamoja na mavi yake?
Nayafuta kwa kitambaa kikavu, basi.
Yai huzaliwa limevaa kanzu nyembamba isiyoonekana;
livue, na joto la Dar litaingia bila hodi.
Friji nayo siiamini. Umeme unaondoka saa nane mchana,
unarudi usiku kama kijana mlevi,
na mayai yanatokwa jasho.
Jasho la yai ndiyo homa yake ya kwanza.
Yanayozidi vikombe nayalaza kwenye sanduku la pumba za mpunga,
mbali na dirisha, mbali zaidi na vitunguu:
yai halina mdomo, lakini pua linayo.

Kuku ni sita. Mkiwa, Kisura, Tausi wawili,
Bi Harusi anayetaga mara moja kwa wiki na kudai heshima,
na Diwani,
ambaye hutangaza nusu saa kabla ya kutaga,
hutangaza saa nzima baada ya kutaga,
na siku nyingine ukienda kiotani
hakuna kitu.

Kibwana, mtoto wa dada yangu, ndiye aliyekuwa karani wa tarehe.
Penseli fupi, imetafunwa kisogo,
ulimi nje, yai mkononi kama balbu iliyotoka kuzimwa,
aliandika: tatu, nne, tano.
Saba yake daima iligeukia upande mwingine,
kama mtoto aliyenyimwa kitu.
Geuza, nilimwambia.
"Yai ni duara, mama mkubwa. Ukilizungusha itageuka yenyewe."

Tarehe nane baba yake akaja kutoka Masasi.
Begi la shule, viatu vya Iddi ndani ya mfuko wa nailoni.
Penseli akaiacha juu ya kabati.

Tangu hapo tarehe naandika mimi.
Saba zangu zimenyooka.

Jana fundi Mponzi alikuja, vumbi la mbao hadi kwenye nyusi:
"Nipe yote kumi na mawili, binti yangu amejifungua."
Nikampa kumi na moja, na hongera.
"Na lile la kona?"
Lile haliuzwi.
"Limeatamiwa?"
Nikamwambia hapana, nikamrudishia chenji,
akanitazama kama mtu apimaye mbao iliyopinda.

Alipotoka nikalitia kwenye bakuli la maji.
Yai la leo hulala chini, kama aliyeshiba.
La majuma mawili husimama kwa ncha, kama aliyesikia hodi.
Hili lilipanda juu moja kwa moja,
likaelea, likazunguka polepole,
saba ikatazama mlangoni,
ikanitazama,
ikatazama mlangoni.

Viza. Nililijua hilo kabla ya maji.

Nikalikausha kwa kitambaa, nikipita pembeni ya maandishi,
nikalirudisha katika kikombe chake,
nikakisogeza kikombe mbali kidogo na vile vilivyobaki vitupu.

Huko uani Diwani ameanza tena kutangaza.
Ngoja nikaangalie.
Safari hii huenda ni kweli.